Waipa ya Noah kwenye meza ya milingi

Toyota Noah ikichoka Tanga haifi siku moja. Injini huondoka kwanza, zikafuata giaboksi, taa, milango na viti. Bodi inayobaki hukatwa vipande na kupandishwa kwenye mzani wa vyuma chakavu. Katika mgawanyo huo kuna vitu ambavyo hakuna anayeviulizia bei: mota ya waipa, shokapu nyembamba za mlango wa nyuma, mkanda wa timingi uliomaliza kilomita zake, swichi ndogo ya mlango inayowasha taa ya ndani. Hivi hupimwa kwa kilo pamoja na mabati yenye kutu. Kwa fundi mwenye mashine ndogo ya milingi uani kwake, hiyo ni hasara inayofanyika mchana kweupe.

Kwa asiyeijua, milingi ni ndugu wa leth, ila kazi imegeuzwa. Kwenye leth chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kwenye milingi kisu huzunguka, chuma kimefungwa juu ya meza, na meza husogea kukipeleka chuma kwenye kisu. Hapo ndipo unapopatikana mfereji wa kii kwenye shafti ya boti, uso bapa wa kitako cha pampu, au meno ya gia ya mashine ya kusaga. Mkoa wenye bandari, boti za uvuvi, mashamba ya mkonge yenye korona zake za kutoa nyuzi kwenye majani, na mashine za unga kila mtaa hauwezi kukosa kazi za namna hiyo.

Wala pwani hii si mgeni wa vyuma. Mwaka 1893 uliiletea Tanga mambo mawili kwa mpigo: ujenzi wa reli ya Usambara ulianzia hapo, na Mjerumani Richard Hindorf akapokea miche ya mkonge aliyoagiza kutoka Florida. Kati ya miche 1,000, iliyofika ikiwa hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Reli iliingia Moshi mwaka 1911. Mkonge nao ulipanda hadi mwaka 1964 nchi ikavuna zaidi ya tani 230,000. Tarakimu hizo kila mtu Tanga anazijua kwa moyo. Zisizotajwa ni karakana zilizosimama nyuma yake. Korona ni mashine ya shafti nzito, ngoma zenye visu, mikanda na beringi, na utomvu wa mkonge una tindikali inayokula chuma usiku na mchana. Shamba lisilo na fundi wa kuchonga spea lilikuwa linasubiri meli. Bei ya mkonge ilipoanguka na fedha za kigeni zikaadimika, hasa baada ya vita vya Kagera, meli yenyewe ikawa haiji, na fundi akabaki na leth yake, tupa yake na akili yake.

Nchi ilijaribu pia kutengeneza mashine za kutengenezea mashine. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools, Hai, kilianzishwa miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Bulgaria ili kitoe leth, mashine za kutoboa na za useremala. Mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba wazo lile lilikuwa sahihi kuliko lilivyotunzwa. Lakini fundi wa Makorora au Duga hawezi kusubiri kiwanda cha Hai kama babu yake alivyosubiri meli.

Anachoweza kupata leo ni mashine ndogo. Milingi kubwa ya kiwandani, mfano wa Bridgeport iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1938 na kuigwa kila pembe ya dunia, ina uzito unaokaribia tani moja na kwa kawaida hutaka umeme wa fezi tatu. Nyumba zetu nyingi zina fezi moja. Mashine ndogo za Kichina, kama zile za Sieg, hubebwa na watu wawili na kuchomekwa kwenye soketi ya kawaida. Kasoro zake zinajulikana popote zinapotumika: meza inasogezwa kwa mkono, kichwa chenye mota kimeshikiliwa na springi iliyozidiwa uzito, na ndani ya kichwa hicho kuna gia za plastiki ambazo kisu kikikwama tu zinapukutika meno. Kila moja ya kasoro hizo ina dawa yake ndani ya gari bovu.

Tuanze na meza, maana hapo ndipo penye faida kubwa. Ukikata mfereji mrefu kwa kuzungusha gurudumu la mkono, mkono huchoka, mwendo hubadilika, na uso wa chuma hutoka na mawimbi. Kisu kinataka mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mwendo huo unahesabika. Chukua kisu cha haispidi chenye kipenyo cha milimita 10 na meno manne. Chuma laini kinapenda kukatwa kwa kasi ya mita 25 kwa dakika, kwa hiyo kisu hicho kizunguke kama mara 800 kwa dakika. Kila jino likila milimita 0.03, meza inatakiwa isogee milimita 96 kwa dakika.

Sasa geukia waipa. Mota yake ina gia ya minyoo ndani, ndiyo maana ni ndogo lakini ina nguvu ya kusukuma fimbo mbili juu ya kioo chenye mvua ya masika. Kwa spidi ya chini shafti yake huzunguka takriban mara 45 kwa dakika, kwa spidi ya juu takriban 65. Mashine ndogo nyingi zina skrubu ya meza ambayo kila mzunguko husogeza milimita 1.5 au 2. Kwa skrubu ya milimita 2, mizunguko 45 ni milimita 90 kwa dakika. Mhandisi wa waipa hakuwa na milingi kichwani hata kidogo, lakini ameangukia pale pale panapotakiwa. Spidi ya juu, milimita 130, inafaa kwa alumini na kwa kurudisha meza.

Kuifunga kuna mambo manne ambayo fundi umeme wa magari anayajua na fundi mitambo huenda hayajui. Kwanza, mota ya waipa ina waya za ziada za ule utaratibu wa kuirudisha fimbo chini ya kioo hata ukizima katikati, hizo huziungi. Pili, katika mota nyingi brashi ya hasi imeungwa na bodi yenyewe. Ukigeuza chanya na hasi ili meza irudi nyuma, bodi ya mota inakuwa na umeme wa chanya, na ikiwa imefungwa chuma kwa chuma kwenye mashine iliyobeba hasi, fyuzi inakwenda. Dawa ni kuifunga mota juu ya kipande cha plastiki ngumu, na bolti zake zipite kwenye bushi za plastiki. Kiunganishi cha shafti nacho lazima kiwe na kipande kisichopitisha umeme, la sivyo umeziba mlango na kuacha dirisha wazi. Tatu, spidi ya juu hutoka kwenye brashi ya tatu iliyokaa mshazari. Itumie upande ule ambao mota iliundiwa, kwa sababu ikizungushwa kinyume hutoa cheche nyingi na kuchoka mapema. Nne, gia ya minyoo haikubali kusukumwa kutoka nje. Ukiiunga moja kwa moja na skrubu, gurudumu la mkono halitazunguka tena. Lazima kuwe na namna ya kuitenga.

Namna rahisi ya kuitenga ipo kwenye boksi la spana. Soketi ya bolti hukamatishwa kwenye shafti ya mota kwa pini ili iweze kuteleza mbele na nyuma. Kwenye ncha ya skrubu ya meza hukazwa nati inayolingana nayo. Soketi ikisogezwa mbele inameza nati na meza inakwenda. Ikivutwa nyuma, mkono unarudi kazini. Hakuna cha kuagiza Dubai hapo.

Kitu kinachonifurahisha zaidi kwenye kazi hii ni swichi ya mlango. Kwenye gari, mlango ukifungwa swichi inabanwa na taa ya ndani inazimika. Ifunge mwisho wa njia ya meza, meza ifike iibane, na umeme ukatike kabla kisu hakijala taya za jiriwa. Swichi hiyo iliumbwa kwa taa ndogo, haiwezi kubeba ampea za mota, kwa hiyo yenyewe iongoze rilei, na rilei ibebe mzigo. Rilei ya honi inatosha. Kisha weka batani ya kupita pembeni, ya kushikilia kwa kidole, ili meza iliyosimama iweze kurudishwa. Fyuzi ya ampea 10 itangulie yote hayo, maana mota ya waipa iliyozuiwa isizunguke hunywa umeme mwingi na kuungua kimya kimya. Umeme wa volti 12 unatoka kwenye betri, au kwenye pawasaplai ya kompyuta ya zamani, ambayo pia huuzwa kwa kilo. Betri ina hatari yake: umeme ukikatika meza bado inasogea. Kisu hakizunguki, lakini meza inasogea.

Tuje kwenye kichwa. Kichwa cha milingi ndogo kinapanda na kushuka juu ya nguzo, na springi ya kiwandani huwa haikimudu; ukilegeza kidogo kinaserereka, na kisu kikigusa kazi kinavutwa chini. Shokapu ya mlango wa nyuma wa gari ndiyo jibu. Ndani yake mna gesi ya naitrojeni iliyoshindiliwa, na ubavuni imeandikwa nguvu yake kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni kama kilo moja ya uzito, kwa hiyo iliyoandikwa 350 inabeba kilo 35 hivi.

Na hapa uchakavu unageuka kuwa faida. Shokapu inatupwa kwa sababu haibebi tena mlango, yaani imepoteza sehemu ya gesi. Mlango wa gari ni mzito kuliko kichwa cha mashine ndogo. Shokapu iliyoshindwa na Noah inaweza kuwa ndiyo hasa inayotakiwa na milingi. Usiamini maandishi ya ubavuni kwa kitu kilichotumika: isimamishe juu ya mzani wa kupimia watu, ikandamize mpaka ianze kuzama, soma kilo. Kisha pima kichwa cha mashine kwa mzani wa kuning'iniza, wa wauza samaki. Nguvu mbili hizo zisilingane sawasawa. Zikilingana, kichwa kinabaki kikielea katikati ya nafasi iliyopo kati ya meno ya gia na reki, na kitatetemeka. Acha kichwa kizidi kidogo, uzito ukae upande mmoja daima. Fimbo ya shokapu iangalie chini ili oili iliyomo ilowanishe sili. Na jambo moja lisilo na mjadala: shokapu hiyo haikatwi, haitobolewi, haichomelewi, haitupwi motoni. Gesi iliyomo inaua.

Gia za plastiki zilizopukutika nazo zina mbadala kwenye injini. Toyota za zamani zenye mkanda wa timingi, zikiwemo Hiace za dizeli, zina puli mbili zenye meno, moja kwenye krenki na nyingine kwenye kemshafti. Katika injini yoyote ya mipigo minne kemshafti huzunguka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Hiyo ni sheria ya injini, hakuna kampuni inayoweza kuibadili. Maana yake kila jozi ya puli hizo ni jozi ya moja kwa mbili, imechongwa tayari, na imepimwa kiwandani Japani. Funga mota ya umeme ya mizunguko 1,400 na puli ndogo, puli kubwa iwe juu ya spindo: unapata 700, mwendo wa kisu cha milimita 12 kwenye chuma laini. Badilisha puli hizo nafasi, unapata 2,800, mwendo wa kisu chembamba cha milimita 3. Mkanda wenyewe kwa kawaida hubadilishwa gari likifika kilomita 100,000, si kwa kuwa umekatika bali ili usije kukatika barabarani. Mota ya nguvu farasi moja haitausumbua. Chukua na tenshena ya injini ile ile, na ukague meno ya mkanda kwa kuukunja kinyume. Wenye nyufa uache kwenye rundo.

Beringi za habu za magari yanayosukumwa na tairi za nyuma, zile za roli zilizolala mshazari, zinafaa kuundia spindo kwa sababu hukazwa mbili kwa pamoja mpaka mchezo wote uishe. Za oltaneta, kama 6203 na 6303, zina tundu la milimita 17 na zinapatikana duka lolote. Pete ya flaiwili inayong'atwa na stata ni bamba la kugawia tayari: hesabu meno yake, ona namba hiyo inagawanyika kwa ngapi, na unaweza kuchonga gia au kutoboa matundu ya duara bila kubahatisha.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kwamba gari bovu ni milingi iliyolala. Sivyo, na mafundi wengi huharibu kazi kwa kuvuka mpaka usioonekana. Gari linatoa nguvu, mwendo na ubebaji wa mzigo. Halitoi kipimo. Skrubu ya jeki inanyanyua gari vizuri sana, lakini ukiiweka isogeze meza utapata mchezo mkubwa kati ya skrubu na nati yake, na hatua zake hazilingani kutoka mwanzo hadi mwisho. Reki ya usukani iliundwa kwa mkono wa dereva, ambaye hahisi nusu milimita. Difu ina ulegevu kati ya meno yake, na kwenye kisu kinachogonga ulegevu huo ni mtetemo. Hata beringi ya habu ya daraja la kawaida inaruhusiwa kuyumba kiasi cha sehemu mbili za mia moja ya milimita. Kwa mfereji wa kii wa shafti ya boti hilo si neno. Kwa kiti cha beringi ya mashine ya kasi ni kazi ya kurudia. Skrubu ya meza, njia za kuteleza na vifaa vya kupimia vinunuliwe vya kweli, hata kama pesa yote iliyookolewa kwenye waipa itaishia hapo.

Mawazo ya namna hii yana historia ndefu huko nje. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Mmarekani Lucien Yeomans aliunda leth zenye fremu ya zege kwa ajili ya kuchonga makombora, kwa sababu chuma cha kumwagia fremu kilichelewesha kazi. Baadaye karakana nyingi za Marekani zilizokuwa zikiendesha leth kwa mkanda mrefu wa darini zilihamia mota za umeme, na kwa kubadilishia spidi zikafunga giaboksi za Ford zilizong'olewa kwenye magari yaliyokufa. Karibu na wakati wetu, Pat Delany wa Texas aliunda mashine aliyoiita Multimachine, ambayo mwili wake ni bloku za injini chakavu, akiwalenga hasa mafundi wa nchi kama yetu. Nguvu ya wazo lake ni kwamba bloku ni chuma cha kumwagwa, kinameza mtetemo, na nyuso zake zimeshasawazishwa kiwandani. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba Tanga bloku ina mnunuzi na waipa haina. Ndiyo maana mimi naanzia kwenye waipa.

Pwani ina adui wake wa ziada. Hewa ya chumvi ya Raskazone na Chumbageni huipaka meza ya chuma kutu kwa wiki moja ya masika usipoifunika. Oili chafu ya injini, ambayo wengi huipaka kwa sababu ni ya bure, ina tindikali na vumbi la chuma kutoka kwenye mitungi. Kwenye njia za kuteleza inafanya kazi ya msasa. Oili ya haidroliki namba 68 ni bora zaidi na wauza oili wanayo. Baada ya kazi futa, paka, funika kwa turubai lisilobana unyevu ndani. Na kwa wanaozunguka kwenye marundo ya vyuma: ukikuta taruma, kipande cha reli au chuma cha nguzo ya umeme, pita mbali. Kesi yake ni kubwa kuliko kazi yoyote utakayoifanya.

Mwenye yadi ya magari mabovu atenge boksi moja la mota za waipa, shokapu za milango, puli za timingi na swichi, kabla ya mzani. Vikiuzwa kimoja kimoja vitampa zaidi ya bei ya kilo, na fundi atajua pa kuvipata. Ombi langu kubwa, hata hivyo, ni kwa vyuo vya ufundi vya VETA na kwa SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria mwaka 1973 ili kuwabeba wenye viwanda vidogo. Anayesomea umeme wa magari anaijua waipa waya kwa waya, lakini hajui kisu cha milimita 10 kinataka mwendo gani. Anayesomea ufundi mitambo anajua mwendo wa kisu, lakini waya za waipa zinamchanganya. Wapeni milingi moja ndogo na Noah moja iliyokufa, wafanye kazi ya mwisho ya mwaka pamoja, na mtihani uwe kukata mfereji wa kii ulionyooka kwenye shafti ya boti.